Mita Sitini Kutoka Majini

Mabatini, Mwanza
Ijumaa, 8 Novemba. Asubuhi: mawingu mazito upande wa ziwani, upepo hakuna, manyunyu saa moja, jua saa nne.

Mwanangu Kabula,

Mambo ya shuka, sabuni, vyeti na watu wa kuwapigia simu nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Iko mfuko wa mbele wa begi, usiyatafute humu. Baba yako alipita hapa mezani akaona kurasa zimekuwa nyingi, akauliza kama nakuandikia Biblia. Nikamwambia naandika barua. Akasema, "Mtoto yuko chumba cha pili, si umwamshe umwambie?" Nilimjibu kuna mambo nikiyasema kwa mdomo nitayapindisha katikati. Hata kwa kalamu najua kupindisha, na hiyo ndiyo habari ya barua hii. Lakini kwenye karatasi naona mahali nilipopinda, naweza kukata mstari nikaanza tena. Utaona nimekata mingi.

Nianze na mahafali yenu ya kidato cha sita. Uliposoma risala ulifika mahali ambapo hapakuwa kwenye nakala niliyokusaidia kusahihisha. Ulisema mto wa nyumbani kwenu ulikuwa umekufa, na mama yako ni mmoja wa waliourudishia uhai, ndiyo sababu unataka kusomea maji. Watu wakapiga makofi. Baba yako akanisukuma nisimame, nikasimama. Nililia mpaka mama wa kiti cha jirani akanipa leso, akasema machozi ya furaha hayana aibu. Nilimshukuru. Hayakuwa ya furaha, Kabula, na tangu siku ile kila ukitaja chuo mbele ya watu natafuta sababu ya kwenda jikoni.

Wewe unaukumbuka mto kuanzia ulipopona. Unakumbuka matete, vyura wanaotukosesha usingizi mwezi wa nne, na wale ndege weusi wenye midomo mirefu wanaotembea kwenye tope kama wakaguzi. Ulipokuwa mdogo hakikuwa hivyo kijito kile. Kilikuwa mfereji wa rangi ya majivu, kinashuka kutoka mlimani katikati ya nyumba zetu mpaka mto Mirongo, na Mirongo unapeleka kila kitu ziwani. Tulipita darajani tumeziba pua, tukisema serikali haifanyi kazi.

Mlima wetu unaujua. Mwamba uko chini ya kila kitu. Ukichimba shimo la choo, kabla kichwa chako hakijazama jembe linagonga jiwe, na unaishia hapo. Shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kupanda kwenye vichochoro vyetu. Kwa hiyo karibu kila nyumba ya upande wetu ilikuwa na bomba lililotoka chini ya choo kuelekea kijitoni, limezibwa kwa gunia na udongo. Mvua kubwa ikinyesha, unazibua. Maji yanabeba. Tuliita kutapisha. "Umeshatapisha?" mtu anamuuliza jirani yake kama anavyouliza umeshakula. Baba yako, ambaye ndiye aliyelaza bomba letu, alikuwa na msemo wake: mvua ni ya Mungu na mto ni wa serikali, sisi tuko katikati tu. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Lakini mimi sikuwa sawa na wengine, na hapa ndipo nimekata mistari mingi.

Unajua naandika hali ya hewa kila asubuhi. Nilianza kidato cha pili, mwalimu wa jiografia aliponipa zamu ya kusoma kipimamvua cha shule, na zamu ilipokwisha sikuacha. Miaka yote hiyo ya kuandika mawingu, upepo, na wale wadudu wa ziwani wanapanda juu kama moshi upande gani, ilinifundisha kitu. Nilijua mvua ya kunyesha kweli na mvua ya kutishia. Majirani wakaligundua hilo. Asubuhi mtu anapita kibarazani, "Mama Kabula, leo?" Namjibu, leo hapana, kesho kabla ya saa sita. Na kesho kabla ya saa sita inanyesha. Wakaniita Mama Utabiri. Nilijisikia mtu, nisikudanganye. Mwanamke wa kidato cha nne asiye na kazi ya ofisini, halafu mtaa mzima unamsikiliza.

Baadaye hawakuuliza tena. Walitazama kamba yangu ya nguo. Nilikuja kusikia utani wao siku moja nikiwa nyuma ya ukuta: "Mama Utabiri akianua, zibua." Kina mama walicheka sana. Tangu siku hiyo nilijua kwamba nikianua nguo, nyumba kumi na zaidi zinafungulia mto, mchana kweupe. Niliendelea kuanua. Ningefanyaje, niache nguo zilowe? Hilo ndilo nililojiambia, na uone lilivyokaa vizuri mdomoni.

Chini yetu, pale penye kona ya kijito, aliishi Mama Kulwa. Labda unamkumbuka kwa sauti, alikuwa anaongea na mboga zake. Alilima mchicha na figili kwenye matuta aliyoyapanga kukingama na mteremko. Kati ya matuta na maji aliacha ukanda wa matete, hata siku moja hakuyakata. Baba yako alimwambia anapoteza ardhi. Akamjibu, "Shemeji, hayo ni mkanda wa mto. Ukiufungua mto unabaki uchi, na wewe ndiye utakayeona aibu." Watoto wake pacha, Kulwa na Doto, walikuwa wakubwa kwako kidogo.

Ulipokuwa darasa la nne ukaja ugonjwa wa kuhara na kutapika. Ulianza wiki moja baada ya mvua kubwa ambayo mimi niliitabiri kwa saa. Wewe ulinusurika. Doto alilazwa siku sita na akapona, lakini alirudi amekuwa mwepesi kama gazeti. Maisha yangu yote nimetumia neno kutapisha na neno kutapika bila kuona kwamba ni ndugu. Nilipomwona Doto kwenye mgongo wa mama yake, niliona.

Bwana afya aliitisha mkutano, ikaundwa kamati ya mto. Mwenyekiti alikuwa Mzee Magesa, mvuvi mstaafu kutoka Musoma ambaye kila mtu alimheshimu. Mimi nikachaguliwa mwandishi kwa sababu ya mwandiko. Bwana afya akauliza, uchafu unaingia wapi? Kabula, hakuna kimya kama kile. Watu hamsini wamekaa, kila mmoja anajua bomba lake liko wapi, kila mmoja anatazama viatu vyake. Nami nikainua mkono. Sikusema neno la uongo. Niliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, "Na hizi bustani zilizo kando ya maji, je?"

Ungeona mabega yalivyoshuka. Watu walipumua. Mmoja akasema samadi, mwingine akasema dawa za kuulia wadudu, mwingine akasema mboga zinamwagiliwa maji machafu halafu tunazila. Mama Kulwa hakuwepo, alikuwa hospitalini na mtoto.

Usiku huo niliandika muhtasari, na sentensi ninaikumbuka bila kufungua faili: "Ilibainika kuwa shughuli za kilimo kandokando ya kijito ndizo chanzo kikuu cha uchafuzi." Litazame neno la kwanza. Ilibainika. Ni neno zuri, lina suti na tai. Nani alibaini? Kwa jicho gani? Neno halisemi. Linafunga mlango taratibu na watu wote wanabaki nje, pamoja na aliyeandika. Huko unakokwenda utaandika ripoti nyingi, na utalikuta neno hili linakusubiri kila ukurasa. Sikukatazi kulitumia. Mimi tangu siku ile likinijia natafuta jina la mtu wa kuweka mahali pake, na mara nyingi jina ninalolipata ni langu.

Sheria inasema shughuli zisifanyike ndani ya mita sitini kutoka majini. Tukaenda kupima. Sasa hili unalikumbuka, kwa sababu ulilisimulia kwa fahari miaka mingi: wewe ndiye uliyeshika ncha ya futi. Ulikuwa umevaa sketi ya shule, umesimama kwenye matope ukingoni, na mimi napanda na futi kuelekea juu nikiita namba, Mzee Magesa anaziandika. Tulipima bustani zote tatu za kona ile. Mama Kulwa alikuwa amesimama pembeni na kanga kichwani, haongei na mboga wala na mtu. Tulipomaliza, ukageuka ukaangalia juu, ukaniuliza, "Mama, mbona kwetu hatupimi?"

Nilikuambia, "Shika futi vizuri."

Sidhani kama unalikumbuka hilo. Mimi nimelisikia kila siku.

Wakang'oa bustani Jumamosi iliyofuata. Mama Kulwa aliyekuwa na mboga alibaki na nyumba ya kupanga asiyoweza kuilipia, akahamia Buswelu kwa dada yake. Sikwenda kumuaga. Nilimwona akipita na magodoro kwenye mkokoteni, nikaingia ndani kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Na usidhani tuliacha. Bomba letu lilitapishwa misimu miwili zaidi baada ya yeye kuondoka. Kwenye daftari langu niliweka alama, herufi T, kila siku tuliyozibua, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika, hata dhambi naipanga kwa tarehe. Ulipofika darasa la tano ulinikuta nalo wazi ukaniuliza T ni nini. Nikasema ni tanki, siku tanki la mvua lilipojaa. Ukasema mama yangu ana akili sana. Ukaenda kucheza.

Bustani zilipoondoka, ile kona ikageuka jaa. Mvua za masika zikaubomoa ukingo wote, mpaka njia ya kwenda darajani ikakatika, kwa sababu waliong'oa mboga waling'oa na sehemu kubwa ya matete. Mto haukupona kwa muhtasari wangu. Ulianza kupona bomba la maji taka lilipopandishwa mlimani, nyumba zetu zikaunganishwa, mabomba yetu ya kichinichini yakakosa kazi. Ndipo kamati ikaanza kupanda matete. Miche tuliitoa wapi? Kulikuwa na mashina machache yaliyobaki kwenye kona, yale ya Mama Kulwa. Tuliyachimba, tukayagawa, tukayapanda kutoka darajani hadi kwa fundi baiskeli. Yale matete unayowaonyesha wageni ni ya kwake, kila unyasi. Na picha ya kamati iliyo ukutani mwetu, ambayo nimesimama mbele nimeshika mche, sasa unajua nimeshika nini.

Baada ya mahafali yako nilikaa miezi mitano nikijiambia nitakwenda Buswelu. Jumanne iliyopita nilikwenda. Nilikuambia nakwenda Pasiansi kumwona shangazi, samahani kwa hilo pia.

Nilimkuta barabarani, ana kitalu cha miche, mirefu kwa mifupi, kwenye viroba vyeusi. Amezeeka, lakini ile sauti ni ileile. Nikamwambia, "Shikamoo, dada." Akaitika marahaba, akanitazama sana. Halafu akasema, "Mama Utabiri. Umekuja kuniambia kuna mvua?"

Nilikuwa nimepanga maneno, nayajua kwa mpangilio, moja hadi saba. Nikafika la pili akaninyamazisha kwa mkono. Akasema alijua. Alijua kabla ya futi, kabla ya kamati. Nikamuuliza alijuaje.

"Nyanya," akasema. "Mimi sikupanda nyanya pale hata siku moja. Lakini kila baada ya mvua kubwa zinaota kwenye matuta yangu ya mchicha. Nyanya hazitembei, Mama Kabula. Mbegu yake inapita tumboni mwa mtu inatoka nzima. Nikaifuata miche kwenda juu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikafika ukutani kwako. Pale kwenye mdomo wa bomba zilikuwa nyingi kuliko shambani."

Akaendelea, sasa anacheka, na kicheko chake kiliniumiza kuliko kama angenitukana: "Tena zilikuwa tamu. Nilikuletea wewe mwenyewe kikapu, ukasema nyanya zangu hazina mfano."

Ni kweli. Nililisema hilo. Tulizila, Kabula, wewe ulizila na ugali.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kamati. Akaacha kucheka. Akasema, "Ningesema, na wewe ungeandika nini?"

Alimhudumia mteja, akarudi. Akauliza habari za mtoto aliyeshika futi. Nikamwambia anakwenda chuo Dar, kusomea maji. Akauliza kama unajua. Nikasema hujui. Nilidhani atanihurumia, maana na yeye ni mama. Alichukua mche mmoja akaukagua mizizi kama vile mimi sipo, kisha akasema, "Basi bado hujaja kwangu. Mwambie kwanza yule. Mimi mlininyang'anya mboga, yeye ulimpa futi iliyopinda, na ndiyo anaondoka nayo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu hadi nusu ya njia.

Jana mchana, ulipokuwa umekwenda kuwaaga wenzako, nilichukua futi ya baba yako nikashuka mtoni peke yangu. Ncha niliikandamiza kwa jiwe. Nilipanda nayo mpaka kwenye kizingiti chetu: mita thelathini na nne. Nikarudia, kwa sababu mimi ni mtu wa kurudia, ikatoka ileile. Choo kiko karibu zaidi, ishirini na sita. Mjukuu wa Mzee Magesa alinikuta, akaniuliza napima nini. Nikamwambia napima kwetu. Akasema, "Kwani kuna nini?" Nikamwambia, itabidi nikueleze siku moja, na kwa aibu ninayokuandikia hapa, sikumweleza pale pale.

Lakini Jumapili baada ya ibada kamati inakutana. Nimeomba ajenda moja, marekebisho ya muhtasari. Nimeuandika upya ukurasa ule. Sentensi ya kwanza inaanza na jina langu. Sikuandika majina ya majirani. Kila mtu ana bomba lake na kinywa chake. Baba yako nilimsomea jioni, akasema wataninyima uandishi na nusu ya mtaa haitanisalimia. Nikasema najua. Akasema, "Basi andika na mimi, nililaza bomba mimi." Nimemwandika.

Sijui watafanya nini. Labda watu watasema mambo ya kale ya nini, mto umeshapona, unafukua maiti. Labda kona ile, ambayo sasa wanataka kuweka mabenchi, haitarudi kwa Mama Kulwa, na hata ikirudi, mwanamke wa umri wake hataanza matuta upya. Siwezi kumrudishia miaka kumi. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba mto ule ukitajwa tena mbele ya watu, jina lake litajwe kwanza, na langu litajwe kwa nililofanya.

Wewe nitakuambia nini? Umechagua masomo kwa sababu ya mwanamke ambaye sikuwa. Nimewaza usiku huu kama ninakunyang'anya kitu saa mbaya, begi limeshafungwa, tiketi imeshakatwa. Nadhani ndiyo. Lakini nikikuacha uondoke nacho, siku moja utakuja na vifaa vyako vya kitaalamu kupima udongo wa kona ile, na utapata majibu, na utakuwa peke yako nayo. Au utakwenda kwenye mto wa watu wengine, utamkuta mwanamke mwenye kanga kichwani amesimama pembeni ya mboga, na mtu mwenye mwandiko mzuri atakuambia imebainika. Nataka siku hiyo umtazame vizuri mwenye mwandiko. Utaniona. Muulize anakoishi.

Ile siku ulipouliza mbona kwetu hatupimi, lilikuwa swali la kwanza la kihandisi kuulizwa kwenye kamati ile, na aliyeliuliza alikuwa na miaka kumi. Nilikufundisha mengi, Kabula, kusoma, kupika, kuweka vitu kwa mpangilio. Hilo sikukufundisha mimi. Ulikuja nalo, na mimi nilikunyamazisha. Kama masomo haya yanahitaji sababu nyingine badala ya ile ya kwenye risala, iko hapo, na ni yako mwenyewe.

Nilitaka kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukifika bwenini, mbali, ambako huwezi kuniangalia. Nimebadili mawazo. Nitakupa mkononi wakati wa chai, saa kumi na nusu, kabla ya kwenda stendi. Unaweza kuisoma palepale au usiisome. Ukiwa na swali, niulize nikiwa mbele yako, nitakujibu bila kuita namba. Ukinyamaza, sitakulazimisha kusema, nitabeba begi lako hadi stendi hivyo hivyo, na kama utataka baba yako ndiye alibebe, nitatembea nyuma.

Mama yako,
Mama Kabula

Saa nane na robo usiku. Naenda kulala.